Upande wa Kushoto

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimenunua nyama, na kila nikipita mbele ya friji nanung'unika. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, kwetu Masuguru, Korogwe, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Unasikia inavyounguruma?" akaniuliza.

"Nini kinaunguruma?"

"Mashine."

Nikaitazama mashine. Ilikuwa baridi, imezimika kama jiko la jana. Nikamwambia umeme hakuna, mtaa mzima hauna, hata kinu cha kusaga kimenyamaza. Akacheka kidogo, akasema basi itakuwa pampu ya jirani. Jirani yetu hana pampu. Anachota maji bombani kama sisi. Nikarudi jikoni kugeuza nyama yangu.

Niieleze kwanza hiyo mashine, maana watu wakija kwetu huanza na hiyo. Ni amplifaya ya zamani, ya zile valvu, vichupa vya kioo vilivyokuwa vikitumika kwenye redio kabla ya hivi vidude vidogo vya siku hizi. Pembeni yake kuna kinanda cha santuri, na ukutani spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni, moja kushoto, moja kulia. Baba mkwe wangu, Mzigua wa Chanika kule Handeni, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Meneja mzungu alipofungasha virago vyake akamwachia vyote, pamoja na sanduku la santuri za dansi. Baba mkwe alipofariki vikaja kwa mume wangu. Ukiiwasha haisemi papo hapo. Unasubiri vichupa vipate joto, vianze kuwa vyekundu ndani. Mume wangu anaita kuiva. "Subiri ziive," anasema, utadhani kaweka ndizi kwenye debe.

Mimi sikuruhusiwa kuigusa. Sebuleni kwangu kila kitu kimevaa kitambaa cha kufuma, televisheni, makochi, hata jagi la maji, lakini mashine ilikatazwa kuvaa. Mwaka ule tuliohamia niliifunika kitambaa cheupe nilichokifuma mwezi mzima, yeye akaiwasha bila kuangalia, kitambaa kikaungua katikati duara la ukubwa wa sahani. Tukagombana, yeye analilia mashine, mimi nalilia kitambaa. Tangu hapo mipaka ikajulikana. Kuwasha ni kwake, kukaa na kusikiliza ni kwetu sote. Na nikiri, muziki ule ni mtamu. Simu ya mwanangu inapiga nyimbo hizo hizo, lakini kwenye simu mwimbaji yuko mbali, na kwenye mashine unamsikia anavyovuta pumzi.

Baada ya siku ile ya nyama, mume wangu akaanza kulalamika kwamba spika ya kushoto inakufa. Kwenye santuri zile za zamani vyombo vimegawanywa, gitaa linalia upande mmoja na tarumbeta upande mwingine. Akasema gitaa halisikiki. Mimi nilikuwa nalisikia vizuri tu, linacheka kule kushoto kama siku zote. Nikamwambia. Akanitazama kama mwanamke asiyejua kitu, akachukua bisibisi.

Huyu mtu alifanya kazi ya umeme maisha yake yote kwenye karakana ya korona. Nasema kile kiwanda cha kukwangua majani ya mkonge, msije mkafikiria ugonjwa. Karakana walikuwa na kanuni moja, na nimeisikia nyumbani mpaka naiota. Kifaa kikisumbua, kihamishe. Kasoro ikihama nacho, hicho ndicho kibovu. Isipohama, kisamehe, tafuta kwingine. Hivyo ndivyo alivyotengeneza taa zetu, pasi yangu, hata baiskeli ya shemeji yake.

Basi akahamisha. Valvu za kushoto akazipeleka kulia. Upande wa kushoto ukabaki umekufa. Akazibadilishia pande spika zenyewe, akizisukuma kwa goti huku anahema. Kushoto bado. Akageuza nyaya, sasa gitaa likatokea kulia, akafurahi, kisha akazirudisha nyaya kama zilivyokuwa, kwa sababu tarumbeta lililohamia kushoto lilikuwa limepotea. Akaihamishia mashine ukuta wa pili, karibu na dirisha. Kushoto.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nachambua mchele, nasikia pande zote mbili. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa hesabu, naye hataki kufika. Mtu aliyewafundisha vijana wengi kanuni ile alikuwa anazunguka zunguka mlangoni mwake anaogopa kuingia. Nikamwambia twende hospitali ukaangaliwe masikio. Akasema masikio yake mazima, mashine ndiyo imezeeka.

Akaipakia kwenye gari la watu, akaenda nayo Mombo kwa fundi mmoja wa redio mwenye kibanda nyuma ya wauza chakula cha abiria. Fundi akaiwasha, akasikiliza, akamwambia, "Mzee, mbona zinalia pande zote?" Mume wangu akarudi jioni amekasirika, na mkononi kafungiwa mahindi ya kuchoma. Akaniambia mafundi wa siku hizi hawana masikio. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Na mengine yakawa yanajitokeza, kidogo kidogo. Nikimwita nikiwa jikoni, anaenda mlango wa mbele, anachungulia nje, anarudi kuniuliza nani kabisha. Hakuwa anajua sauti inatoka wapi. Akitembea uani anavutwa kushoto, bega linagusa ukuta, chokaa inabaki kwenye shati. Mimi ndiye mfuaji, shati zote zilikuwa na chokaa bega moja. Kisha akaanza kusema shavu la kushoto limekufa ganzi, akinywa chai inamtoka pembeni ya mdomo naye hana habari. Nikawa namfuta kwa upindo wa kanga nikijifanya ni mzaha. "Unadondosha kama mtoto." Anacheka na upande mmoja wa uso.

Nikasema kwa upole, nikasema kwa ukali. Nilinuna, nikagoma kupika, nikapika. Siku moja hasira zikanipanda nikamwambia, "Haya, sikio la kufa halisikii dawa." Ni msemo tu, kila mtu anausema kwa mbishi. Lakini ulipotoka nikajisikia nimeita kitu kije. Nikaenda chooni nikasimama huko mpaka pumzi ikarudi. Sijausema tena, na mtu akiusema mbele yangu naondoka.

Halafu ikaja harusi ya Chanika. Binti wa wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, alikuwa anaolewa. Mimi ni mjukuu wa manamba, wale vibarua wa mkonge, babu yangu aliletwa na shamba kutoka Unyamwezi, kwa hiyo na Wazigua ni watani, tulikuwa tunatukanana vizuri kabisa tangu tuliposhuka kwenye gari. Walinificha viatu, nikawafichia mwiko wa pilau. Ila kuna jambo moja pale ambalo halina utani. Bwana harusi akiwa njiani, binti anapelekwa kwa mjomba wake. Anapiga magoti, anamwamkia, mjomba anaitikia na kumwombea. Ndiyo radhi anayoondoka nayo. Baba akikosekana watu watavumilia. Mjomba akinyamaza, hapana.

Walimleta binti amefunikwa, wanawake wawili wamemshika. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwa vijana waliokuwa wanafunga spika za harusi, na mimi nilikuwa ng'ambo ya uwanja napakua wali. Nikawaona wanamwingiza kutoka upande wa kushoto. Nikaacha sahani nikaanza kukata katikati ya watu. Binti akapiga magoti. Midomo yake niliiona ikisema shikamoo mjomba. Mume wangu hakugeuka. Akarudia. Mume wangu akakuna goti lake, anaangalia nyaya za wale vijana. Nilikuwa nimebakiza mama mmoja mnene wa kumpita nimguse bega, binti akawa ameshanyanyuliwa, analia ndani ya ushungi, na wanawake wamekaza nyuso. Wakatoka naye.

Nikawafuata. Nikamweleza wifi yangu kwamba kaka yake hasikii upande ule. Akaniambia, "Wifi, kaka yangu anasikia uchakavu wa nyaya ndani ya redio, atashindwa kusikia mtoto?" Ndivyo alivyokuwa anasifiwa na ukoo mzima. Ndoa ikafungwa, tukala, lakini hakuna aliyetutania tena. Viatu vyangu vililetwa mlangoni vimepangwa, vimefutwa vumbi. Njiani kurudi Korogwe mume wangu alikaa dirishani, akaniuliza mbona mpwa wake hakuja kumwamkia. "Vijana wa sasa," akasema. Nikamwambia alikuja. Akasema sivyo, angemwona. Gari zima likawa linatusikiliza.

Zikapita wiki. Maneno yakatoka Handeni kwamba binti hana raha kwake, hali, halali, anasema mjomba wake anajua jambo ndiyo maana alikataa. Wifi yangu akafunga safari akaja Masuguru. Alikuja na kuku, lakini uso wake haukuwa wa kuku. Aliingia baada ya chakula cha mchana, mume wangu kaweka santuri, amekaa kwenye kiti chake ameikabili mashine. Wifi akakaa kwenye kochi la kushoto kwake, akaanza.

"Kaka, mwanangu kakukosea nini?"

Mume wangu anatikisa mguu kwa kufuata ngoma.

"Kaka, nakuuliza. Kama kuna jambo, sema tulimalize. Usimwache mtoto anaenda na kinyongo chako."

Mguu bado unatikisika. Wifi akanigeukia, macho yamejaa machozi na hasira. "Unaona? Unaona dharau hii?"

Kwa kweli nilichoka. Nilichoka na mashine, na kanuni, na ubishi, na kuogopa peke yangu. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikamwambia ainuke. Akainuka, anadhani nataka kufagia. Nikakishika kiti kile kizito nikakiburuta, nikakigeuza, mgongo ukaikabili mashine na uso ukaelekea mlangoni.

"Kaa."

"Unafanya nini mama watoto?"

"Nafanya kazi ya karakana. Kaa."

Akakaa. Santuri ilikuwa inaendelea. Nikamsogelea sikio la kulia nikamuuliza, "Spika ipi imekufa sasa?"

Akasikiliza. Nilikuwa namtazama uso, na ningependa nisiwe nimeuona. Kwanza akafurahi, kwa sababu gitaa lilimjia, lile gitaa alilolitafuta miezi yote hiyo mpaka Mombo. Midomo ikafunguka. Kisha akatafuta tarumbeta asilipate. Akageuza kichwa, akakirudisha. Akaangalia mikono yake.

"Imekufa nyingine," akasema.

"Valvu umehamisha, spika umehamisha, nyaya umehamisha, ukuta umehamisha. Kasoro haikuhama. Leo nimehamisha kiti, imehama."

Wifi yangu alikuwa amesimama, kanga imemwanguka begani. Yeye naye alielewa, kwa sababu akazunguka taratibu akaja upande wa kulia, akapiga magoti mbele ya kaka yake, mtu mzima na nywele nyeupe, akamwambia, "Shikamoo kaka." Akaitikia, "Marahaba dada yangu. Umefika saa ngapi?" Wifi akalia kwa sauti, nikamshika, tukalia wote wawili, naye katikati yetu anatuuliza kuna msiba gani. Baadaye alipoambiwa habari za binti, aliomba simu. Alimwombea mtoto yule kwenye simu kwa muda mrefu sana, ameikandamiza kwenye sikio lililobaki.

Hospitali tulizunguka, ya hapa, ya Tanga, mwisho Dar es Salaam wakapiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa kijana, ana adabu, alituamkia kwanza. Akatuonyesha kwenye kioo kitu cheupe nyuma ya sikio la kushoto, kimekaa kama harage lililovimba kwenye maji. Kiko kwenye mshipa wa kusikia, akasema, kinakua polepole miaka mingi, si saratani. Nikasema alhamdulillahi, mimi niliyebatizwa. Akasema tatizo ni kwamba kimeshaanza kuusukuma ubongo. Lazima kitolewe. Sikio lile halitarudi, uso unaweza kuinama moja kwa moja, na watu wengine, kwa sababu ya mahali penyewe palivyo, hawaamki. Mume wangu akauliza maswali ya fundi. Mnaingilia wapi, mnafunga vipi. Mimi niliuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema. Daktari akapanga karatasi zake, akasema tushukuru tumekuja.

Tukarudi Masuguru kusubiri siku. Na kesho yake tu, asubuhi, akaniita sebuleni.

"Njoo nikufundishe kuwasha."

Nikamwambia sitaki. Nina maharage jikoni.

"Njoo mama watoto."

Miaka yote ile kidole changu hakikuruhusiwa hata kufuta vumbi, leo naitwa. Nilijua ananikabidhi. Mtu anayetarajia kurudi hafundishi mwenzake kazi zake. Nilitaka kumpiga na kile kiti. Nikaenda nikasimama pembeni yake, akaanza. Sauti iwe chini kabisa kwanza. Swichi iko nyuma, ipapase, usiinamie. Subiri ziive, usiharakishe. Santuri ishike pembeni, usiweke kidole katikati. Sindano iache ishuke yenyewe. Ndani usiingize mkono hata siku moja, hata umeme ukiwa hakuna, kuna umeme unabaki umelala mle.

Nikakosea. Nikapandisha sauti kabla haijaiva. Akasema rudia. Nikashika santuri katikati. Akasema kesho tena.

Kesho yake nikakosea tena. Nasema wazi, nilikuwa nakosea makusudi. Mimi nimefuma vitambaa vya maua ya pembe nane kwa kuangalia tu picha, nitashindwa swichi? Lakini niliona kwamba siku nitakayopatia atakuwa amemaliza, na sikutaka amalize. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa mjinga mpya. Anagomba, anaita subira, anasema wanafunzi wake wa karakana wangenicheka. Mimi namjibu akawaoe hao. Zilikuwa asubuhi nzuri, na ndani yake nilikuwa naumia mpaka mifupani.

Asubuhi ya safari mwanetu alikuwa ameshafika na gari, yuko nje anapanga mabegi. Wifi yangu kaja kutoka Handeni kulinda nyumba. Mume wangu amevaa shati la kijivu, safi begani. Akasimama sebuleni akaniambia, "Washa."

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti.

"Leo usinifanyie mchezo," akasema. "Nilikuwa najua toka siku ya pili."

Basi nikawasha. Sauti chini, swichi nyuma, nikasubiri. Vichupa vikaanza kuwa vyekundu, kimoja kimoja, na mimi naomba kimoja kigome, tuwe na sababu ya kuchelewa. Vyote viliwaka. Nikaweka santuri, nikashusha sindano. Muziki ukajaa nyumba. Wifi alikuja akasimama mlangoni na ufagio. Mume wangu aliligeuzia gitaa lile sikio lake la kulia, akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo, macho amefumba, uso umeshuka upande mmoja.

"Umeshajua," akasema.

Nikamuuliza, "Na kuzima?" Maana kuzima nako kuna taratibu zake, nilikuwa namwona kila siku anavyohangaika nako, hiki kabla ya kile.

Akanisogeza kwa bega. Akainama mwenyewe akazima, amenipa mgongo, sikuona alichoanza nacho. "Hiyo nitakufundisha tukirudi," akasema, akatafuta viatu vyake.

Saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Niko kwa ndugu hapa Dar es Salaam, nimekaa barazani naandika ili mikono iwe na kazi. Wamemnyoa nywele nyuma ya sikio, anaonekana kijana. Kesho asubuhi wanamwingiza. Ninaogopa, na sioni haya kusema. Kuizima ile mashine sijui, na sitaki mtu mwingine anifundishe.